Binti yangu anataka kukutana na mtoto mwenye sistiki faibrosisi kama yeye. Nimkubalie?

Mama Kitindamimba:
Salaam ndugu zangu. Nina binti wa miaka 8 mwenye sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa ute mzito mapafuni na tumboni. Alipokuwa mchanga, kila nikimbusu kipajini nilionja chumvi, nikadhani ni joto tu. Kumbe ndiyo dalili yenyewe. Kipimo cha jasho kilionyesha kloraidi 104, na kuanzia 60 tayari ni ugonjwa.

Nebulaiza ya kuvuta dawa kama mvuke, kumgongagonga mgongo makohozi yatoke, kapsuli za vimeng'enya vya kusaga chakula kila akila: hayo tumeshayazoea. Yanayoninyima usingizi ni mawili. Kilo zake haziongezeki, na wiki iliyopita nikifua sketi yake ya shule nimekuta kapsuli za mchana zimenatana mfukoni kama gundi. Hamezi, anaona haya, wenzake wanamwita mgonjwa. La pili, usiku mmoja kaniuliza, "Mama, kuna mtoto mwingine kama mimi?" Nikakosa la kumjibu. Sasa nimempata mama mwenye mtoto wa umri huohuo na mwenye ugonjwa huohuo, tunapanga washinde pamoja siku moja wacheze. Daktari tunamwona mwezi ujao. Kuna ubaya?

Baba Subira:
Dada yangu, usiwakutanishe. Naandika haya huku roho inaniuma, maana na mimi nililitamani hilo kwa mwanangu.

Mapafu yao yana ute mzito ambao bakteria hupenda kujificha humo. Kila mtoto ana wake. Mmoja akiwa na Pseudomonas au Burkholderia, mwenzake anaweza kuipata kwa kikohozi tu, na ikishakita mizizi kuing'oa ni kazi kubwa. Zamani kulikuwa na kambi za watoto hawa, wakila na kulala pamoja. Miaka ya 1990 nyingi zilifungwa baada ya kuonekana wanaambukizana Burkholderia. Hata kliniki siku hizi huwatenganisha, na kwenye chumba kimoja inashauriwa wakae angalau mita 2 mbalimbali. Sasa watoto wa miaka 8 utawawekaje mita 2 wakiwa wanacheza?

Mpita Njia:
Samahani, sijaelewa. Huu si ugonjwa wa kurithi? Mbona mnamtisha mama wa watu kuhusu kuambukizana?

Baba Subira:
Umeuliza vizuri. Ugonjwa wenyewe hauambukizi hata kidogo: mtoto huupata akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama. Kinachohama ni vijidudu vya kifuani, na vingi vya aina hiyo havimsumbui mtu mwenye mapafu mazima. Kwa hiyo shuleni acheze na wenzake bila hofu. Hatari ipo kwa wawili wenye sistiki faibrosisi.

Nesi wa Watoto:
Mama, mimi nishike hilo la kilo. Ute uleule wa mapafuni huziba njia za kongosho, vimeng'enya vyake visifike kwenye utumbo. Akila mlo wa mchana bila kapsuli, mafuta yanapita tu. Angalia choo: kikiwa kingi, kinang'aa mafuta, kinanuka sana, basi chakula kinapotea, na vitamini A, D, E na K zinapotea nacho, kwa kuwa huhitaji mafuta ili zifyonzwe.

Kapsuli zimezwe mwanzo wa mlo, na mlo ukiwa mrefu nyingine katikati. Zisitafunwe. Tafadhali usifidie za mchana kwa kumwongezea za usiku. Dozi ina kikomo, lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, isizidi yuniti 10,000 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayeipanga ni daktari. Chakula chake kiwe na mafuta ya kutosha, asipimiwe kama mtu anayepunguza uzito, na siku za joto aongezewe chumvi. Mwezi ni mbali, pigia kliniki simu leo uwaeleze hizo kapsuli za mfukoni.

Halafu usimgombeze. Ongea na mwalimu, na binti akikubali, awaeleze wenzake mwenyewe. Watoto huacha kucheka wakishaelewa.

Pumzi Ndefu:
Shikamoo mama. Nina miaka 24, nimezaliwa nao. Rafiki yangu wa karibu kuliko wote ana ugonjwa huu, tuna miaka 9 tunaongea kwa video na hatujawahi kushikana mikono. Hata hivyo hakuna anayenijua kama yeye. Wapeni watoto simu, tena wakati wa nebulaiza, maana hizo ndizo dakika ndefu kuliko zote.

Lingine, uliza majibu ya kipimo cha jeni. Kuna dawa iitwayo Trikafta, Ulaya huitwa Kaftrio, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa wa miaka 12 na zaidi, kisha 2021 ikashuka hadi miaka 6. Inaisaidia protini yenye hitilafu ifanye kazi. Haiponyi, na si kila jeni inaitikia, ila mwenye hata nakala moja ya F508del, hitilafu ya jeni inayoonekana zaidi kwa wagonjwa hawa, kwa kawaida anafaa. Humezwa na chakula chenye mafuta, balungi haliruhusiwi, na ini hupimwa mara kwa mara. Mimi siku za mwanzo nilitoa makohozi mpaka nikaogopa. Baada ya hapo nikalala usiku mzima bila kukohoa, mama yangu akaja kunitazama kama napumua.

Mama Kitindamimba:
Marahaba mwanangu, umeniliza. Nawashukuru wote, mkutano nimeufuta, na kliniki wameniita Jumatatu.

Jana tumewapigisha simu. Dakika nzima wametazamana tu, vinyago vya nebulaiza usoni, mvuke umejaa kioo. Kisha wangu akavua chake akauliza, "Wewe kapsuli unameza ngapi?" Mwenzake akaonyesha vidole vinne. Wangu akaruka kitini: "Na mimi nne!"

Leo kataka abebe zake mwenyewe kwenye mkoba. Nesi, mkoba unakaa juani wakiwa michezoni, haziharibiki?

Nesi wa Watoto:
Joto huziharibu, mama. Azikabidhi kwa mwalimu, zikae kivulini na kifuniko kimefungwa.