Nataka kugeuza ilimba ya babu iwe ala ya kompyuta, nitumie Kontakt, HALion au hizi za bure?

ProdyuzaSakina
Habari za jioni wakuu. Niko hapa Arusha natengeneza biti za gospo na bongo fleva kwenye FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), laptopu yangu ina ramu GB 8. Babu yangu mzaa mama ni Mgogo, alihamia huku zamani kutafuta kazi, na ana ilimba yake ya vyuma 36 (sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ambayo mpaka leo akishamaliza kula jioni anakaa barazani anaipiga. Ila vidole vimeanza kumsumbua, kuna siku anaipakata tu. Nimetafuta mlio ule kwenye plagini (ala za kompyuta zinazofunguka ndani ya FL Studio) nikakosa, ninachopata ni kalimba za vyuma vichache zilizosafishwa mpaka hazina mwili, hakuna ule mvumo kama wa nyuki unaotoka kwenye utando wa buibui aliobandika juu ya tundu la sanduku. Nataka nirekodi ilimba yote, watu waipige kwa kibodi, na ikiwezekana niiuze hata kwa bei ndogo babu apate chochote. Sasa kwenye kuchagua programu ya kugeuza rekodi kuwa ala ya kibodi ndo nimekwama, nimesoma Kontakt, HALion, Falcon, Decent Sampler, HISE, kila mtu anasifia yake. Kontakt ndo inatajwa zaidi ila bei yake ya kawaida ni kama dola 300, kwangu ni hela ya kodi ya nyumba miezi kadhaa. Je ni lazima? Halafu natamani chini ya ilimba niweke pedi laini (sauti ndefu ya kujaza) ya sintha, itabidi nipate programu yenye sampula (inayopiga sauti zilizorekodiwa) na sintha (inayotengeneza sauti yenyewe) pamoja?

njiro_sauti
Kaka hongera kwa wazo, hii kitu inahitajika. Kontakt ya Native Instruments iko sokoni tangu 2002 na kwa uwezo siwezi kuibeza, ina lugha yake ya skripti (maandishi ya kuielekeza ala ifanye nini) inaitwa KSP, unaweza kufanya karibu chochote. Ila elewa kitu kimoja ambacho wengi wanakigundua wameshalipa: Kontakt ziko mbili. Kuna kamili ya kulipia na kuna Kontakt Player ya bure. Ukitengeneza ala kwenye kamili, mwenye Player akiifungua inapiga dakika 15 inakata, mpaka uwe umeingia mkataba na kampuni na kuilipia ala yako leseni. Yani mteja wako naye awe na Kontakt kamili. Sasa niambie hapa Arusha unawajua maprodyuza wangapi wameinunua? Walio nayo wengi ni ya kuvunja, yani ya wizi, tena toleo la zamani, na ala uliyoisevu kwenye toleo jipya haifunguki kwenye la zamani.

HALion ya Steinberg na Falcon ya UVI ndo zina vyote viwili ndani, sampula na sintha za aina nyingi, Falcon unaiandikia skripti kwa lugha ya Lua. Mashine nzuri sana zile, ila bei zake haziko mbali na Kontakt, na kwa ilimba moja utakuwa umenunua lori kubebea debe la mahindi.

Kwa ulichoeleza mimi nasema Decent Sampler. Ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, ala yenyewe ni folda ya wav (mafaili ya sauti) na faili moja la maandishi, unaweka picha ya ilimba ya babu na vitufe vyako, unafunga, unauza, mteja anashusha pleya bila kulipa. Pedi usiinunulie kitu, itoe kwenye Surge XT au Vital, ni sintha na zote zinapatikana bure, rekodi noti moja kila baada ya semitoni (funguo) tatu nne, pedi haina shida ikivutwa, yani rekodi moja ikipandishwa au kushushwa kujaza funguo za jirani. Ila usichukue mlio wa laibrari ya mtu mwingine ukaurekodi ukauuza, leseni nyingi zinakataza.

MamaKinanda
Mwanangu hujambo, mimi napigia kwaya kinanda hapa Moshi miaka mingi na nimesoma swali lako mara mbili. Nyote mnaongelea programu, mimi naomba niulize, hiyo ilimba utaitunisha kwa nani? Maana ilimba ya Kigogo haifuati kinanda. Ukiipiga pamoja na gitaa kuna sauti zitakaa katikati ya funguo mbili. Niliwahi kupewa na kijana mmoja sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) za marimba, alikuwa amezinyoosha zote na kompyuta zikawa sawa na piano, nikazipiga dakika mbili nikaziacha, zilikuwa safi lakini hazikunikumbusha mtu yeyote. Ukishairekebisha hivyo, watu watajifunza kwamba ndivyo ilivyo. Tafadhali hifadhi ya babu kama alivyoitunisha mwenyewe, hata kama sisi wa vinanda itatusumbua.

FundiRau
Mama umesema jambo kubwa na kiufundi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kwanza usivute sampuli kabisa. Chuma kimoja, ufunguo mmoja. Ukichukua sampuli ya chuma kimoja ukaivuta kwenda juu, ule mvumo wa utando nao unapanda, wakati kwenye ilimba halisi haupandi hivyo, ndo maana sikio linakataa hata kama mtu hajui kwa nini. Vyuma vyako ni 36, na kibodi ya funguo 61 kawaida inaanza noti namba 36 kwa hesabu ya kompyuta (MIDI), kwahiyo unaanzia hapo hadi 71 vinaenea bila kubaki.

Kabla hujagusa Decent Sampler anza na SFZ, ni faili la kuelekeza sampuli ipi ipige kwenye ufunguo upi, ni maandishi matupu unaandika kwa Notepad, unafungua kwenye sforzando ya Plogue ambayo ni bure. Mstari mmoja unakaa hivi:

<region> sample=chuma01_wastani_2.wav key=36 lovel=51 hivel=95 seq_length=4 seq_position=2

Maana yake chuma cha kwanza kikigongwa kwa nguvu ya wastani, na hili ni pigo la pili kati ya manne yanayopokezana ili ukirudia noti isisikike kama bunduki. Ile key inafanya sampuli ipige kwa sauti yake ileile ya babu. Halafu unakopi faili, kwenye kopi unaongeza tune= na idadi ya senti (sehemu ya mia ya semitoni) kila mstari mpaka ikae na piano. Wav ni zilezile, mafaili mawili, moja ya babu na moja ya kwaya. Na hata programu zote hizi zikifa kesho, wav na maandishi vinasomeka.

Hesabu: vyuma 36, nguvu 3, marudio 4, ni sampuli 432. Kila moja sekunde 6, mono, biti 24, 48kHz, jumla kama MB 373. Hata laptopu ya GB 4 inabeba.

Sasa kosa langu ulikwepe. Nilirekodi zeze siku mbili, nikarudi nikanomalaizi kila faili peke yake, yani nikaipandisha mpaka kilele, ili zote ziwe na sauti kubwa. Pigo la taratibu likawa sawa na la nguvu, uhai wote ukaondoka, na faili za asili nilishafuta. Nililala vibaya. Usinomalaizi moja moja, pandisha zote kwa kiasi kimoja, na kopi ya asili kaa nayo kwenye diski nyingine. Rekodi usiku, zima friji, na usizibe vyuma vingine wakati unarekodi kimoja, acha viitikie.

HISE iache kwanza, inatoa plagini kamili ila lazima ukompaili mwenyewe (uigeuze maandishi kuwa programu), na ukitaka kuuza bila kuachia wazi maandishi ya programu yako unalipia leseni.

ProdyuzaSakina
Shikamoo mama, na asanteni sana wakuu. Jana saa tano usiku nimerekodi chuma kimoja tu cha katikati, mapigo 12, nikaandika mistari kama FundiRau alivyoonyesha nikafungua sforzando. Nilimvalisha babu hedfoni nikabonyeza ufunguo. Akasikiliza, akaniambia "hicho kimelegea, nilikuwa sijakikaza". Kwahiyo Jumamosi anazikaza zote ndo tunaanza. Ila kuna kitu, ukiachia ufunguo mlio unakata ghafla, nafanyaje?

FundiRau
Ongeza mstari wa <global> loop_mode=one_shot juu kabisa ya faili, unatawala mistari yote, itapiga mpaka iishe yenyewe. Na Jumamosi baada ya chuma cha mwisho usizime maiki, mwache apige wimbo mzima.