Tupeane uzoefu: ardhi ya wazee wenu mliitetea kwa ushahidi gani?

Mwana wa Maweni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jambo hili nimelala nalo tangu Idi, leo nalitoa.

Kwetu ni pwani ya mashariki Unguja, jiwe jingi kuliko udongo. Bibi yangu alikuwa na jina la kila kipande: kiambo ndipo tulipojenga, kitongo tunapolima mtama na kunde baina ya mawe, kisha uwanda, kisha msitu wa kuni na dawa. Mipaka ilikuwa kisima, mbuyu, makaburi. Hakuna aliyeandika, na hakuna aliyegombana, kwa sababu wote walikuwa wakijuana.

Mwaka wa juzi ami yangu aliuza minazi kumi na minne ya ufukweni. Nasema minazi, kwa sababu ndivyo alivyoelewa yeye, na ndivyo tulivyozoea: mti una mwenyewe wake, ardhi ni habari nyengine. Akaletewa karatasi, akatia dole gumba, akalipwa, akanunua mabati. Miezi mitatu haikupita ukapanda ukuta, na njia yetu ya kushukia pwani ikawa ndani yake. Kuuliza, tunaoneshwa karatasi ile ile: imeandikwa eneo. Mnazi haumo hata mmoja.

Najua ardhi ni ya Serikali tangu 1964, na Sheria Namba 12 ya 1992 imeiweka chini ya Rais, sisi tuna haki ya kuitumia tu. Hilo silipingi. Ninachotaka kujua kwa waliofikwa: mlipoitwa mkaambiwa "thibitisheni", mlitoa nini? Laana tunazo za kutosha, nipeni ushahidi.

Bi Taitai
Mwanangu, pole. Sisi hata ardhi hatukuwa nayo, tulikuwa na bahari. Mwani ulipokuja huku mwishoni mwa miaka ya themanini, kila mama alichagua pahala pake maji yakitoka, akapiga vigingi, akafunga kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Hapakuwa na hati. Lakini muulize mtoto yeyote wa hapa shamba la mama fulani liko wapi, atakupeleka usiku.

Hoteli ilipojengwa tukaambiwa vigingi vinawachoma miguu wageni na vinaharibu sura ya bahari. Tuvitoe. Wengine walitoa. Sisi tulimfuata sheha, kiongozi wa Serikali hapa kijijini, tukamwomba aje siku ya bamvua, na yule bwana wa hoteli aje pia. Maji yalipokupwa, kila mama akaenda akasimama kwenye shamba lake. Basi. Hatukusema neno. Tulikuwa wengi, tumejipanga mpaka karibu na mwamba, na yule bwana akaona kwa macho kwamba pale si pahala patupu. Siku ile ile ikaandikwa karatasi: njia ya kupita na mipaka ya mashamba, sheha akaweka muhuri.

Usidhani tulishinda kila kitu. Pahala pa kuanikia tulipoteza, sasa naanika mwani uani kwangu na nyumba nzima inanuka. Na kotoni yenyewe, ule mwani wa bei nzuri, imetukataa, maji yamekuwa moto, tunalima spinosamu ya bei ndogo. Lakini karatasi ile ninayo, imo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa.

Mvuvi wa Dago
Pemba hapa. Misali mnaijua. Wazee wanasema Nabii Hidhir alikosa mswala, akaswali juu ya kisiwa kwa kuwa kimeelekea kibla, ndipo jina lilipotoka. Sisi tunapiga dago pale, yaani kambi ya uvuvi, babu zetu walipiga dago pale. Ulipokuja mpango wa hoteli, wavuvi walikataa, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi.

Kuna sehemu imefungwa kabisa, na mimi mwanzo nilinuna, maana ndipo nilipokuwa nikipata changu. Ila uvuvi ukaendelea nje ya pale na kisiwa hakikuuzwa. Ushahidi wetu? Majina. Kila mwamba, kila kijia cha chombo, mzee anakutajia jina na nani alizama pale.

Mjukuu wa Eka Tatu
Samahani, nitachafua hewa kidogo. "Ardhi ya wazee" ya wazee gani? Wahadimu, Watumbatu na Wapemba, sawa. Mimi babu yangu alikuja na mikarafuu ya watu wengine, mchumaji tu, kwao ni bara. Baada ya Mapinduzi akapewa eka tatu. Nimezaliwa humo, nimezika mama humo. Na mjukuu wa aliyenyang'anywa shamba hilo yupo kijiji cha pili, Idi huja kunisalimia, tunakunywa chai, macho yake yanahesabu mikarafuu. Ushahidi wangu ni karatasi, wake ni kumbukumbu. Haya, nani wa asili?

Mwana wa Maweni
Umenikamata. Sina jibu, na sitajifanya ninalo. Lakini wewe na huyo mwenzio bado mnakunywa chai. Mie wa kwangu sijamwona hata uso, nazungumza na mlinzi.

Maalim Pwani
Kwa faida tu. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipita Septemba 2007, Tanzania ikapiga kura ya ndiyo. Kifungu cha 26 kinataja ardhi waliyoimiliki, waliyoikalia au waliyoitumia kwa desturi. Kutumia, zingatieni hapo. Na mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, mwaka 2017 iliwapa haki Waogiek wa Kenya juu ya msitu wa Mau bila hati mkononi, na 2022 ikaamuru wapatiwe hati ya pamoja. Ni kesi ya Kenya, msikimbie nayo kwa hakimu wa Unguja mkadhani imekwisha. Ila kaburi, kisima na jina la pahala ni ushahidi, na mashahidi hao wanakufa. Warekodini kwa simu leo, watajwe mipaka mmoja mmoja, jirani wa mpakani awepo.

Bi Taitai
Na huyo ami yako asikae nyumbani kwa aibu. Aje aseme mwenyewe aliuza nini.

Mwana wa Maweni
Amekubali, Bi Taitai, baada ya siku mbili za kutosema na mtu. Jumamosi tunakwenda: yeye, sheha, bibi kwenye baiskeli ya kusukumwa, na jirani wa upande wa kisima. Kaburi la babu yake bibi limo ndani ya ukuta. Nimemwomba mlinzi, kasema tuje saa kumi na moja jioni, wageni wakishaondoka ufukweni, na tusizidi watu watano.

Bibi kauliza kama yeye naye anahesabiwa mgeni.