Mpangaji wangu wa Kijerumani hapa Gungu anajifungia ndani. Nimsaidieje azoee Kigoma?

Mama wa Gungu

Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kukaa na wageni au waliowahi kuwa wageni wenyewe.

Nina mpangaji, binti wa Kijerumani anayejitolea kufundisha fizikia sekondari. Amechukua chumba cha uani, bomba na choo tunatumia pamoja. Alipofika alikuwa na moyo sana: anaamka alfajiri, anafagia uwanja na wanangu, anauliza kila kitu kinaitwaje. Siku hizi akirudi shule anafunga mlango, tunamwona tena asubuhi. Akitoka tu barabarani watoto wanampigia kelele "mzungu! mzungu!" mpaka kituo cha bajaji. Sokoni Mwanga anatajiwa bei ya nyanya mara mbili ya yangu, na mimi nimesimama hapohapo. Chakula anagusagusa. Migebuka ya kukaanga, samaki wetu wa ziwani, anaipenda, ila ikiungwa kwa mawese anasema tumbo linamsumbua.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya msiba. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki, mtaa mzima tukahamia pale. Binti akaja mlangoni kwangu na bahasha ya pesa, akaniomba niwafikishie wafiwa, akarudi chumbani. Majirani wakasema ana dharau. Mimi najua hana, usiku ule nilimsikia akilia. Nampenda kama mwanangu, na mkataba wake bado mrefu. Nifanyeje?

Kijana wa Katonga

Mpe muda tu mama, atazoea. Wengi huwa hivyo mwanzoni.

Mtoka Uvira

Dada yangu, nimesoma nikaona siwezi kupita bila kuandika. Mimi nilivuka ziwa nikiwa binti, vita vilipoingia kwetu Kivu Kusini, Kongo, mwaka 1996. Tulipelekwa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Kambini ugeni sikuujua sana, maana wote tulikuwa tumetoka kulekule. Niliujua nilipoolewa Ujiji.

Rangi yangu ilinificha, lakini nikifungua mdomo dukani mwenye duka ananitazama upya. Na Ujiji ni mji uliojengwa na watu waliokuja! Wamanyema walitoka ng'ambo hiyohiyo niliyotoka mimi, enzi za misafara ya pembe na watumwa, Waarabu wakaja, wakakaa na Waha wenyeji mpaka leo. Historia hiyo haikunisaidia chochote mchana, mume yuko kazini na mimi niko peke yangu chumbani.

Sikutendewa vibaya hata kidogo. Nilisalimiwa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa "kaa tu, wewe mgeni." Hiyo "kaa tu" ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Wenzako wanapika, wewe umekaa. Wanacheka, hujui wanacheka nini. Ukiondoka, hakuna kazi iliyosimama kwa ajili yako.

Aliyenitoa ni jirani mmoja, mke wa mvuvi. Asubuhi moja mitumbwi imerudi na dagaa, akanipitia, akanipeleka ufukweni, akanipa upande mmoja wa wavu: "Shika hapo." Hakuniuliza kama naweza. Tukatandaza dagaa, tukaokota takataka na visamaki vingine vilivyochanganyika, tukafukuza kunguru, jua lilipopanda tukawageuza. Nilirudi nyumbani nanuka samaki mpaka kwenye nywele, na usiku ule nililala. Masika mawingu yakifunga, kila mwanamke anakimbilia dagaa wake na wa jirani yake, hakuna anayechagua. Siku nilipoachiwa dagaa wa watu niwalinde peke yangu ndipo nilipoanza kuitwa kwa jina. Kabla ya hapo nilikuwa "yule Mkongo."

Sasa turudi kwa binti yako. Ile bahasha ni heshima, mimi naiona hivyo. Kwao wafiwa huachwa wakae na familia yao tu, jirani anatuma kadi au maua ili asiwasumbue. Alikuja mlangoni kwako kwa sababu hajui aingie msibani kwa mguu upi. Ukimwambia "twende msibani" hujamwambia kitu. Mwambie hatua kwa hatua: utavaa kanga juu ya gauni na nyingine utajitanda, viatu tunavua hapa, ukiingia unasema "poleni" kwa walioketi mkekani, pesa anapewa mwenye daftari, analiandika jina lako, halafu tunapita nyuma, tunachambua mchele mimi na wewe. Akishajua mikono yake iende wapi, hofu inapungua yenyewe.

Na majirani waambie ukweli, kwamba alilia. Usiwaache wabaki na neno la dharau.

Nahodha wa Kibirizi

Mama, kabla ya yote mpeleke akapime malaria. Mtu anayekula kidogo na kulala mapema usimwandikie upweke haraka, hapa kwetu mbu wapo mwaka mzima. Hakikisha chandarua anakichomekea chini ya godoro, na maji ya kunywa anachemsha. Mawese asilazimishwe, mpikieni yake kwa alizeti.

Mimi napeleka wageni Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, kwa boti, na nakubaliana na dada wa Uvira kuhusu kazi. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipofika hapa Julai 1960 alikuwa na umri wa miaka 26, na wakoloni walikuwa wamekataa akae porini peke yake, ndiyo maana alikuja na mama yake, Vanne. Wakaukuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo. Kabla hawajamwona sokwe hata mmoja, walisaidia kutengeneza sandwichi za kuwalisha wale watu. Walipofika Gombe, mama akafungua kijizahanati ufukweni: aspirini, bandeji, kuosha vidonda vya wavuvi. Wavuvi wakawa wanakuja wenyewe. Na malaria iliwalaza wote wawili, mama na binti, kwa hiyo narudia, akapime.

Jambo jingine: umeshampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa akatambulishwa? Kibali cha ukaazi ni cha Uhamiaji, lakini mtaani anayekutetea ni mwenyekiti.

Mwana Kasulu

Nimeishi Leipzig, Ujerumani, nikisoma, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili. Naheshimu sana alichoandika Mtoka Uvira, ila msimjazie binti kila saa. Kwao mlango uliofungwa si ugomvi. Kule jirani nilisalimiana naye kwenye ngazi, basi. Jumapili huruhusiwi hata kutoboa ukuta kwa mashine, utulivu ni haki ya mtu. Mtoto aliyekulia hivyo, akifundisha darasa lililojaa halafu akapigiwa kelele njia nzima, akifika nyumbani anahitaji muda wa peke yake kabla hajaongea na mtu. Kubalianeni saa: akirudi apumzike bila hodi hodi, jioni atoke mle pamoja. Na wageni wenu wasimuulize kila siku kwa nini hajaolewa. Mimi kule nilichoka kuulizwa nitarudi lini kwetu, najua swali moja linavyoweza kumchosha mtu.

Sokoni asizunguke meza zote. Mkabidhi kwa muuzaji mmoja unayemwamini wewe, anunue hapo kila mara mpaka awe mteja wa pale.

Mama wa Gungu

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimempeleka kupima, hana malaria, Mungu mkubwa. Kwa mwenyekiti tulishakwenda. Jana nilimweleza habari ya kupumzika bila hodi, akashika mikono yangu akashukuru sana, na jioni akatoka mwenyewe tukala wote.

Arobaini ya yule mzee ni wiki ijayo, nataka niende naye. Ila hawezi kukaa mkekani muda mrefu, miguu inamuuma mpaka anajinyoosha mbele za watu. Naogopa wataanza tena kusema.

Mtoka Uvira

Msipite mkekani kabisa zaidi ya kusema poleni. Mpeleke moja kwa moja kwenye vitunguu, wamenyaji hukalia vigoda na hakuna atakayeuliza. Kisu mwende nacho kutoka nyumbani, visu vya shughuli havitoshi kamwe. Na leo au kesho pita kwa mjane, mwambie binti anakuja na mwombe amtume kitu mbele za watu, hata maji tu. Mfiwa akishamtuma, nani tena atasema ana dharau?