Mafundi mnaotupa bati za injini ya Kombi, nani kawatuma?

Wakuu salaam. Modi, naomba usiuhamishie huu uzi kwenye vichekesho, maana mara ya mwisho nimeuliza kuhusu Kombi humu nilijibiwa kwa picha za mikokoteni. Leo sina utani. Nina hasira na nitaandika yote, asiye na muda apite.

Niko Tanga. Nina Kombi ya Volkswagen, ile ya kioo kimoja kipana mbele, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa. Aliyeniuzia aliapa kwa majina ya wazazi wake kwamba ni ya 1967. Indiketa za mbele ziko juu, kando ya matundu ya hewa, na huko Volkswagen walizipandisha kuanzia modeli ya 1973. Kabla ya hapo zilikaa chini karibu na bampa. Nikamwonyesha, akacheka, tukashusha bei. Yule mzee sina ugomvi naye.

Naifufua hapahapa nyumbani, uani, chini ya turubai. Kazi ya mbao na nyaya nafanya mwenyewe jioni nikitoka kibaruani. Nataka gari la kulala: kitanda cha kukunja nyuma, kabati, jiko dogo la gesi, tanki la maji. Niipandishe familia Lushoto, niishushe Pangani, tulale humohumo bila kumwomba mtu chumba. Ndani pamekaa vizuri, kitanda mama watoto amekilalia na kukipitisha. Kilichobaki ni injini na kuchomelea bodi, na hizo ndizo kazi nilizowapa watu wanaojiita mafundi.

Injini ilikuwa inavuja oili kwenye sili ya upande wa flaiwili. Nikaishusha, nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Siitaji, wenyewe wanajijua. Maelekezo yalikuwa mafupi: badilisha sili, pima vali, nitakuja kuichukua. Kianzio nikatoa siku ileile. Baada ya hapo ni zile nyimbo zetu: kesho bosi, fundi mkuu amefiwa, umeme umekatika, kesho bosi. Hayo nimezoea, wala siyo yaliyonileta humu.

Nilipokwenda kuichukua nimeikuta iko uchi. Boksi la feni lipo, kabureta ipo, lakini bati zote nyeusi zinazoizunguka injini hazipo. Za pembeni hakuna, ya nyuma hakuna, zile ndogo zinazokaa chini katikati ya silinda hakuna. Themostati na vibawa vyake hakuna. Hata ule mpira mrefu unaoziba nafasi kati ya injini na bodi, niliowaachia pamoja na injini waulinganishe, hakuna.

"Fundi, bati ziko wapi?"

"Bati gani bosi?"

"Zile nyeusi zilizokuja na injini."

"Aaah, zile tumezitoa bosi wangu. Zilikuwa zinaiziba. Huku kwetu joto, injini inatakiwa ipumue."

"Sawa, nipe nikaziweke ndani."

Akaanza kukuna kichwa. Kumbe dogo wa gereji kazipeleka skrepa. Zimepimwa kwa kilo pamoja na eksozi mbovu na ndoo zilizotoboka, hela wamenywea chai!

Sasa kwa wale ambao mtakuja kusema "bati tu mkuu, punguza presha", hebu nielezeni hiyo injini inapozwaje. Haina rejeta. Haina tone la maji. Feni inayozungushwa na feni belti inavuta hewa kutoka kwenye chumba cha injini, hewa inayoingia kwa yale matundu ya juu kule nyuma, pembeni mwa bodi. Inaisukuma kwenda chini kwa nguvu, ipite katikati ya mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto) ya silinda na hedi, ipite na kwenye kipoza oili. Ikitokea chini imeshakuwa ya moto, na chini ndiko iliko eksozi. Bati na ule mpira ndio ukuta: hewa baridi ikae juu, ya moto ikae chini. Ukifungua buti ya Kombi iliyofungwa sawasawa ukaangalia pembeni mwa injini, huoni ardhi hata kidogo. Ukiiona, feni inavuta moto wa eksozi yake yenyewe na kuurudisha kwenye silinda. Na zile bati ndogo za chini zinailazimisha hewa ilizunguke pezi lote, maana bila hizo hewa inapita njia ya mkato na upande wa chini wa silinda unabaki unaungua.

Kwa hiyo "ipumue" maana yake ni kuikaba koo.

Na ubaya wa hili gari ni kwamba halikuambii. Dashibodi ya Kombi haina geji ya joto. Ina taa ya presha ya oili na ya chaji, basi. Utapanda zako kutoka Mombo kwenda Lushoto, gia ya pili, kona juu ya kona, watoto nyuma wanaimba, na hakuna mshale wowote utakaopanda kukuonya. Utajua siku vali ya eksozi imekatika kichwa na kutoboa pistoni. Mara nyingi inaanzia silinda namba 3, watu wa Kombi wanaijua hiyo namba.

Nimekagua vitu vingine baada ya hapo, na kila nilipogusa nimekuta uchafu.

Vali. Hii injini nafasi ya vali inapimwa ikiwa ya baridi kabisa, 0.15 mm. Nimeingiza kipimo, hakiingii kwenye vali hata moja ya eksozi. Namuuliza, anasema "nimezikaza kidogo zisipige kelele." Jamani! Vali ya eksozi inapoozwa pale inapokaa kwenye kiti chake. Hapo ndipo joto linapohamia kwenye hedi. Ukiikaza isikae vizuri, inabaki na moto wake mpaka iungue. Kelele kidogo kwenye hizi injini ni afya. Ikinyamaza kabisa ndiyo uogope.

Nyaya za plagi wamezipanga silinda ziwake kwa mfuatano wa 1-3-4-2, kama Toyota. Volkswagen hii ni 1-4-3-2. Hiyo imechorwa kwenye kila kitabu cha Kombi ulimwenguni, na wala haikuhitaji kitabu: ungeandika namba kwenye kila waya kabla ya kuchomoa. Kipande cha utepe na kalamu.

Halafu petroli. Hapa ndipo nilipotetemeka kweli. Mpira wangu wa petroli ulikuwa mpya, nimeagiza wa saizi yake. Wameutoa, wakaweka mpira laini wa plastiki, ule wa kupitishia maji ya waipa, wakaukaza kwa waya wa kufungia nondo. Tena wakatundika filta ya petroli juu kabisa ya distributa, mahali cheche zinapozaliwa. Plastiki ile petroli inaikausha mpaka ipasuke. Kombi nyingi duniani zimekufa kwa moto wa namna hiyo, mpira wa bei ya soda, na bloku ya hizi injini ni ya aloi ya magnesiamu, ambayo ikishashika moto ukaimwagia maji unaichochea. Injini iko nyuma, kitanda kiko juu yake. Juu ya hicho kitanda wanalala watoto wangu. Mtu anafunga waya wa nondo hapo na kunidai hela ya kumalizia.

Nimwongelee na fundi wa bodi, ila kwa ufupi kwa sababu huyu nimemtimua mapema. Sili za chini ya milango za Kombi (siyo ile ya oili, hizi ni mihimili ya bati ya bodi) zina tabaka tatu: ya ndani, ya kati na ya nje. Kutu inaanzia ndani, ukiiona nje ujue mle ndani pameshaliwa, na sisi wa pwani na hii chumvi hatuhitaji kuelezwa. Pia hili gari halina chasisi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndiyo inabeba uzito. Kabla hujakata sili unaweka vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango isibonyee. Huyu bwana kafika na mashine ya kuchomelea mageti, akakata upande wa kushoto, upande wenye mlango wa kuteleza, bila kuweka hata ubao. Nimetoka ndani na chai yake mkononi, mlango haufungi. Bodi imekaa. Dawa yake? Akapendekeza tukate mlango upunguzwe! Na bati alilokuja nalo ni la milimita 3, la geti, kwenye bodi ambayo unene wake ni kama milimita moja. Lilipokataa kushika akatoa kopo la fila, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi. Chai sikumpa.

Hiyo sili nimeinyanyua kwa jeki taratibu, nafasi ya mlango nikaipima kwa kulinganisha na Kombi ya jamaa mmoja, ipo sawa sasa. Kuna kijana wa VETA mwenye mashine ya mig ndiye anayemalizia, na kabla ya kukata chochote ananiuliza. Ananiuliza! Nilikuwa nimesahau kwamba fundi anaweza kuuliza.

Maana hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela. Sijakasirika kwa kuwa fundi hajui Kombi. Kombi zimeadimika, waliozijua wengi ni wazee sasa, hakuna aibu kutokuijua. Niambie tu "mzee, hii sijawahi", nitakuletea kitabu, tutakaa tusome wote. Lakini unakutana na kitu usichokijua, kimefungwa kwa skrubu kumi na kitu na kiwanda cha Wajerumani, unaamua chenyewe hakina kazi, na unakitupa bila kumpigia simu mwenye mali? Mali ya mtu mwingine! Themostati hutoa, bati hutoa, mpira hutoa, "haya makorokoro hayana kazi bosi." Gari zima la kwangu lingekuwa kwako wiki nzima ungebakiza usukani.

NYONGEZA: Naona majibu yameshaanza.

Anayesema niuze skrepa ninunue Noah: Noah ninayo, ndiyo inayonipeleka kazini. Swali lako lingine?

Anayesema niweke injini ya Subaru: najua watu wanafanya, na zinakimbia kweli. Lakini hiyo inataka maji, kwa hiyo rejeta mbele au chini, mabomba kupita chini ya gari lote, nyaya mpya, bracketi za kuunda, na fundi wa kuyafanya yote hayo. Fundi huyo ni nani, ni yule wa waya wa nondo?

Anayesema spea hazipo: zipo. Brazil wameendelea kutengeneza Kombi mpaka Desemba 2013, wakaacha kwa sababu sheria yao ilitaka mifuko ya hewa na breki za ABS kuanzia 2014. Miaka yao ya mwisho waliweka injini ya maji, lakini za hewa walizitengeneza kwa miongo, na bati za injini ya 1600 bado zinauzwa mpya. Tatizo la Brazil na Ujerumani ni kwamba bodi zao nyingi ni za usukani wa kushoto, mlango wa kuteleza uko kulia, kwa hiyo ukitaka vitu vya bodi au vya usukani angalieni Afrika Kusini. Kule Uitenhage waliziunda kwa usukani wa kulia kama wetu, na mzigo unakuja kwa lori mpaka Tunduma. Mpya zinapatikana, ila kuna bati za kuigiza ambazo matundu hayalingani, unalazimisha mpaka unapinda. Ndiyo maana nililia zangu za zamani, zilikuwa zimekaa pale pale tangu kiwandani.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Mwenye bati za injini ya 1600, ya kipoza oili kilichokaa nje ya njia ya hewa ya silinda, hata zina kutu, hata zimepinda, njoo inboksi. Nalipa bei ya spea. Bei ya kilo waachieni wa skrepa. Mwenye ule mpira wa chumba cha injini pia aje, au anayejua duka Dar lenye mpira wa petroli wa kweli wa saizi ndogo, siyo "huu unaingia tu mkuu."

Na wewe mwenye gereji, najua unapita humu kwa sababu ulinionyesha uzi wa bei za Altezza kwenye simu yako. Hela ya kumalizia hutaiona. Skrepa mliyowauzia naijua ilipo, nimeshapita, wanasema mzigo wa wiki ile bado haujapakiwa. Una mpaka Jumamosi asubuhi kwenda kuchambua lile lundo wewe na dogo wako. Saa tatu nakuja na mwenyekiti wa mtaa, na orodha nimeshaiandika, bati moja moja.