Pesa za jaribio la dawa hospitali ya maveterani Marekani zipitie wapi?

mratibu_kliniki:
Wakuu, salaam. Kampuni ya dawa inataka kufadhili jaribio la wagonjwa 20 kwenye hospitali ya VA (Idara ya Maveterani ya Marekani). Hospitali ina shirika lake la utafiti na elimu lisilo la faida. Mkataba asaini nani, nesi wa utafiti aajiriwe na nani, na bajeti huvujia wapi?

dawati_la_mikataba:
Mkuu, pitisheni kwenye shirika. Bunge la Marekani liliruhusu mashirika haya mwaka 1988, kwa ajili ya kazi kama hiyo hiyo: kupokea pesa zisizotoka kwenye bajeti ya VA, kuajiri watu na kununua vifaa, huku utafiti wenyewe ukibaki wa VA. NCIRE ya San Francisco na PAVIR ya Palo Alto ni ya aina hiyo.

Mkataba wenyewe ni CRADA, yaani mkataba wa serikali kuu kushirikiana na mtu wa nje kwenye utafiti. Wanasaini mfadhili, shirika, na mkurugenzi wa hospitali kwa niaba ya VA. Anzeni na nakala ya mfano ya VA. Mfadhili akichokonoa vifungu, mkataba unakwenda kwa mawakili wa VA wanaoshughulikia utafiti (STAR), na hapo ndipo muda unapoliwa. Ugomvi hurudi palepale: mfadhili anadai VA imfidie hasara yoyote itakayotokea, na anataka sheria ya jimbo lake ndiyo itumike. Cha kwanza hakiwezekani, kwa sababu Anti-Deficiency Act inakataza ofisi ya serikali kuu kuahidi deni lisilo na kikomo. Cha pili nacho hakipiti: inayotumika ni sheria ya serikali kuu ya Marekani, si ya jimbo. Mwambieni mapema, kabla mawakili wake hawajaanza kuandika.

Halafu ulizeni nani atalipia matibabu ya mgonjwa akidhurika na dawa. VA inawajibika kumtibu kwa kanuni ya 38 CFR 17.85, kwa hiyo kifungu cha mfadhili kurudisha gharama hizo kisiachwe nje.

ofisi_ya_watumishi:
Nesi aajiriwe na shirika, lakini hawezi kugusa faili la mgonjwa mpaka apate uteuzi wa WOC, yaani mtu wa VA asiyelipwa na VA. Kuna alama za vidole, uchunguzi wa historia yake, mafunzo ya faragha na ya maadili ya utafiti, kisha kitambulisho na akaunti ya kompyuta. Kosa linalouma ni kumwanzishia mshahara siku ya kwanza wakati WOC haijatoka: anakaa bure na pesa za jaribio zinakwisha. Fungueni maombi ya WOC mkataba ukiwa bado mezani.

Daktari aliye mtumishi wa VA wa muda wote asiongezewe mshahara na shirika kwa kazi hiyo hiyo ya serikali. Sheria ya 18 U.S.C. 209 ni ya jinai, si ya kuonywa tu.

mhasibu_wa_utafiti:
Bajeti huvujia kwa wanaochujwa, yaani wanaopimwa na kukutwa hawafai kuingia kwenye jaribio. Ili mpate 20 huenda mkawapima 32, na kila mmoja wa wale 12 amechukuliwa damu, amepigwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na amekula saa za nesi. Mfadhili akilipia wawili tu, kumi ni wenu.

Pili, gharama za uendeshaji. Tuchukulie ni 25%. Zinakokotolewa juu ya gharama za moja kwa moja, si juu ya jumla. Mfadhili akisema 5,000 kwa mgonjwa, "zote ndani", gawanya kwa 1.25: mna 4,000 za kazi na 1,000 za uendeshaji. Anayekata robo ya 5,000 anabaki na 3,750 na bajeti yake inapwaya tangu mwanzo. Ada za kufungua jaribio, famasia na kutunza kumbukumbu ziandikwe kando, na ya kufungua isirudishwe hata jaribio likifa.

mratibu_kliniki:
Asanteni sana wakuu. Mfadhili akituma malipo ya kwanza kabla ya vibali?

dawati_la_mikataba:
Shirika lipokee, lisitumie. Sheria hairuhusu kutumia pesa kwenye mradi ambao haujaidhinishwa kwa utaratibu wa VA. Kibali cha kamati ya maadili peke yake hakitoshi: subirini Kamati ya Utafiti na Maendeleo ya hospitali, kisha barua ya ACOS wa utafiti (mkuu wa utafiti wa hospitali) inayosema mnaweza kuanza. Tarehe ya barua hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kumsajili mgonjwa.