Bandi za shibori hazikuacha mistari myeupe: nimekosea wapi?

Mshonaji, Mkomani, Lamu

Asalaam aleikum. Ninajifunza shibori ya kushona, ule ufundi wa Kijapani ambao kitambaa hupigwa bandi, kikavutwa uzi mpaka kikajikunja, kisha kikatiwa rangi ili palipobanwa pabaki peupe. Nimeanza na mokume, jina lenye maana ya mishipa ya mbao. Nilipiga safu 20 kwenye kipande cha bafta mpya, nikavuta nyuzi, nikakiloweka katika nili kwa saa nzima. Nilipofumua nilikuta ukungu wa samawati kote, ila vidoa vichache vyeupe karibu na mafundo. Je, kosa ni la mshono au la rangi?

Mshona kofia, Langoni, Lamu

Waaleikumu salaam, dada. Hivyo vidoa vya karibu na mafundo vimekwisha kukujibu: pale kitambaa kilibanwa, kwingine kililegea. Kinachozuia rangi hapa si uzi, bali ni mikunjo yenyewe inavyobanana. Tumia uzi imara uliokunjwa mara mbili, funga fundo nene mwanzo wa kila safu, na mwisho wake uache ukining'inia mpaka umalize kushona safu zote. Ndipo uloweshe kitambaa, kwa kuwa pamba iliyolowa hulainika na hukubali kukazwa, uvute safu baada ya safu, urudie tena tangu ya kwanza, mpaka kipande chote kiwe kigumu mkononi kama kamba ya jahazi, kisha ufunge.

Jambo jingine nalisema kwa sababu nashona kofia za viua, na mkono uliozoea kazi hiyo hutaka kila kitu kilingane. Katika mokume usilinganishe: bandi za safu moja zikikaa sambamba na za safu inayofuata, utapata marinda yaliyonyooka, wala hutaiona mishipa ya mbao.

Mtia rangi, Malindi

Naafiki, lakini saa nzima nayo ni nyingi mno. Nili haiyeyuki majini mpaka iondolewe oksijeni, na hapo maji yake huwa ya manjano yenye ukijani. Samawati hujitokeza kitambaa kinapopigwa na hewa. Kwa hiyo chovya dakika chache, toa, subiri kigeuke rangi, uchovye tena mpaka ikolee upendavyo, maana kukiloweka muda mrefu ndiko kunakoipa rangi nafasi ya kupenya mikunjoni. Bafta mpya pia ina wanga. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni.

Mshonaji, Mkomani, Lamu

Ahsanteni sana. Wanga sikuutoa, na nilivuta kitambaa kikiwa kikavu. Je, nyuzi zilizokazwa hivyo hufumuliwaje? Mara ya kwanza mkasi ulinitoboa bafta.

Mshona kofia, Langoni, Lamu

Kisuuze, kikauke kwanza, kwa kuwa uzi uliolowa hauonekani vizuri ndani ya mikunjo. Kisha vuta kitambaa pande mbili karibu na fundo mpaka uzi ujitokeze, na ukate uzi huo peke yake kwa ncha ya mkasi mdogo.