Naomba ushauri: novela ya mhusika mdogo, niitoe kabla ya kitabu cha tatu au baada?

Kalamu_Butu: Wakuu, habari zenu. Naandika mfululizo wa fantasia. Vitabu viwili vimeshatoka, cha tatu kiko nusu. Humo kuna bibi mvushaji, Bi Tausi. Kitabu cha kwanza anamvusha shujaa mtoni na kukataa ujira. Cha pili anatokea ukurasa mmoja tu, mkono wa kushoto umeungua, na hakuna anayemuuliza kulikoni. Ajabu, wasomaji wanamuulizia yeye kuliko mfalme niliyehangaika naye sura nzima nzima! Nimeanza novela yake, yaani kisa kifupi kuliko riwaya. Tatizo ni kwamba aliyemuunguza ndiye msaliti anayefichuliwa kitabu cha tatu. Nikiitoa sasa, siri imevuja. Nikisubiri, naogopa watu watamsahau. Mngefanyaje?

BundiMsomaji: Subiri. Brandon Sanderson alitoa *Mistborn: Secret History* mwaka 2016, miaka kumi baada ya kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa fantasia, Mistborn, nayo inasimulia yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya pazia katika vitabu vitatu vya mwanzo. Kumtaja tu mhusika wake mkuu ni kumharibia mtu utamu, kwa hiyo simtaji. Mtu aliyevimaliza vile vitatu anaisoma huku akifunua kurasa za zamani kutafuta alipopitwa.

Mama Kurasa: Miaka kumi anaweza kusubiri Sanderson, si sisi wengine. Kalamu, mimi naona unaulizia tarehe wakati shida iko kwenye kisa chenyewe. Mkono kuungua ni tukio, bado si hadithi. Huyo bibi alikuwa anataka nini kabla moto haujawaka? Mimi alinishika pale alipokataa ujira. Mtu maskini, mvua inanyesha, anasukuma sarafu kwa kasia zirudi upande wa pili wa mashua. Kwa nini? Andika hiyo, wala msaliti hutamhitaji.

Jongoo: Mbona mnamchochea? Bi Tausi anavutia kwa sababu hatumjui. Ukishamweleza, kwisha habari yake.

Mama Kurasa: Jongoo, kumweleza mhusika ni kitu kimoja, kukaa naye ni kingine. *The Slow Regard of Silent Things* ya Patrick Rothfuss (2014) ni Auri, mhusika mdogo wa mfululizo wake, peke yake, siku chache akihangaika na vitu vyake huko chini ya chuo, mazungumzo hakuna. Unamaliza hujaambiwa siri zake, ila unamfahamu. Mwandishi mwenyewe anafungua kwa kuonya kwamba huenda usitake kukinunua. Wapo waliokichukia, sikatai.

Fundi wa Sura: Mnasahau urefu. Tuzo za Hugo, zile za fantasia na hadithi za kisayansi, zinaihesabu novela kuanzia maneno 17,500 hadi 40,000. Sarah J. Maas alikusudia kisa cha Chaol, mhusika wa mfululizo wake wa Throne of Glass, kiwe novela. Kikatoka *Tower of Dawn* (2017), kurasa zaidi ya 600. Wewe umefika maneno mangapi?

Kalamu_Butu: 31,000. Na moto bado haujawaka, hahaha.

Fundi wa Sura: Basi usiuwashe. Mama Kurasa kakupa kisa, maneno unayo, ishia kabla msaliti hajafika kivukoni. Moto uhamishie kitabu cha tatu, uonekane kwa macho ya bibi mwenyewe, sura moja inatosha.

Jongoo: Hapo hata mimi nitasoma.

Kalamu_Butu: Nimewaelewa, nafuta sura mbili za mwisho leo. Ila jaladani niiandike 2.5, yaani kati ya cha pili na cha tatu?

BundiMsomaji: Usithubutu. Msomaji akiona 2.5 anadhani asipoisoma cha tatu hatakielewa, na wengine wataudhika kulipia kiraka. Andika tu kuwa ni kisa cha Bi Tausi, kisha ndani, ukurasa wa mwanzo, useme inafaa kwa aliyemaliza kitabu cha kwanza. Kama moto umeshauondoa humo, hata cha pili hakihitajiki.